Binti yangu wa miaka 8 meno hayajapangana: afungwe nyaya sasa au tusubiri?

"Daktari, pole na kazi. Binti yangu ana miaka 8 na nusu. Meno yake ya juu ya mbele yameota makubwa, mawili ya katikati yana mwanya, na ya pembeni yameachana kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Chini yamebanana, moja limekaa upande. Daktari wa kwanza alisema tumfunge nyaya mara moja, juu na chini. Wa pili akasema turudi akifika miaka 12, meno yote yakishaota. Bibi yake anasema tung'oe meno ya utoto yaliyobaki ili mapya yapate nafasi. Sijui kama haya nayo yana uzito: akifunga mdomo kidevu chake husogea kidogo kushoto, alinyonya kidole gumba tangu mchanga na hata sasa usiku nikimchungulia mara nyingine namkuta nacho mdomoni, na gego moja la utoto la chini limetoboka, ila haliumi, nimeambiwa litatoka lenyewe. Nikichelewa naogopa nitamharibia, nikiharakisha naogopa nitamtesa bure. Nifanye nini?"

Mama, pole kwa kuzungushwa. Kupewa majibu matatu yanayopingana juu ya mtoto mmoja kunachosha, na sishangai umefika mahali unaogopa kufanya lolote. Nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja. Yale uliyoanza nayo, mwanya na meno kubanana, hayanipi wasiwasi mkubwa. Yale uliyoyaweka mwishoni kama nyongeza, yaani kidevu, kidole cha usiku na lile gego, ndiyo yaliyonikalisha nikuandikie kwa urefu. Kwa kifupi, meno ya mbele yanaweza kusubiri, kidevu hakiwezi.

Tuanze na meno ya mbele, maana ndiyo unayoyaona kila anapocheka. Mtoto wa umri huu, kama anakwenda sawa na wenzake, ana meno 12 ya kudumu: manane ya mbele, na magego manne ya nyuma kabisa yaliyoota akiwa na miaka 6 hivi. Mengine 12 bado ni ya utoto. Kwa hiyo unautazama mdomo uliofika nusu ya safari, na sehemu kubwa ya habari yake imejificha ndani ya mfupa. Chonge za juu za kudumu, kwa mfano, huanzia juu sana, karibu na pua, na hushuka polepole mpaka zitokeze kwenye miaka 11 au 12. Zikiwa njiani huegemea mizizi ya meno ya mbele. Shika kalamu nne mkononi uzibane upande mmoja, utaona upande wa pili unaachana. Ndivyo ilivyo kwa binti yako: mizizi inabanwa huko juu, vichwa vya meno huku chini vinatawanyika. Chonge zikikaribia kutokeza, msukumo unahama kutoka kwenye mizizi kwenda kwenye vichwa, na meno yanasogeleana. Mwanya wa kama milimita 2 kwa kawaida hujifunga wenyewe kwa njia hiyo. Ukiwa mpana zaidi ya hapo, au ukiona haupungui hata kidogo chonge zinaposhuka, hapo tunatafuta sababu nyingine: jino la ziada lililojificha kwenye mfupa, au utepe mnene wa nyama unaotoka kwenye mdomo wa juu na kuingia katikati ya meno. Hata huo utepe hatukimbilii kuukata kabla ya chonge kuota.

Ndiyo maana sikubaliani na daktari wa kwanza, na sababu yangu si kwamba mtoto ni mdogo mno kwa nyaya. Ni hivi: ukiyanyoosha sasa yale meno ya pembeni ili yapendeze, unaisukuma mizizi yake kuelekea kwenye chonge zinazoshuka. Mzizi ukigandamizwa na chonge unaweza kuanza kuliwa na kufupika, na mzizi uliokwisha kuliwa haurudi. Watoto wapo ambao tunawafunga nyaya chache za mbele katika umri huu kwa sababu za msingi, lakini tunafanya hivyo baada ya kuona kwenye eksirei chonge ziko wapi. Mwanya peke yake si sababu ya kutosha.

Chini nako kuna hesabu ambayo wazazi wengi hawajawahi kuelezwa. Meno manne ya mbele ya kudumu ya taya la chini, ukiyajumlisha, ni mapana kuliko manne ya utoto yaliyotangulia kwa kiasi cha milimita 5 hivi. Nafasi hiyo inatafutwa kidogokidogo: kwenye mianya iliyokuwepo kati ya meno ya utoto, kwenye taya linalotanuka, na kwa meno mapya kuota yakiwa mbele kidogo kuliko yale ya kwanza. Wakati hesabu haijakamilika, kubanana kwa milimita moja au 2 kwa mtoto wa miaka 8 ni jambo la kawaida. Kisha kuna akiba huko nyuma. Magego ya utoto ni mapana kuliko meno yatakayoyarithi. Yakitoka kati ya miaka 10 na 12, kila upande wa taya la chini hubaki na takriban milimita 1.7 za ziada, na kila upande wa juu karibu milimita 0.9. Ukijumlisha pande mbili za chini unapata zaidi ya milimita 3, ambazo zinatosha kulipa deni la meno ya mbele yaliyobanana kidogo.

Sasa urudi kwenye lile gego lililotoboka. Liko mlangoni mwa hiyo akiba. Gego la kudumu la nyuma yake lina tabia ya kusogea mbele muda wote, na kinachorudisha nyuma msukumo wake ni hilo gego la utoto. Tundu likilila ubavuni, gego la nyuma linaegemea na kuiba nafasi hata kabla jino halijang'oka. Likioza mpaka ling'olewe leo, nafasi inaweza kuzibika ndani ya miezi michache, na jino lililokuwa lirithi pale likija kutoka miaka 2 baadaye litakuta mlango umefungwa. Aliyekwambia litatoka lenyewe hakukosea, litatoka. Ila linatakiwa litoke kwa wakati wake. Lizibwe, au livikwe kofia ya chuma kama tundu ni kubwa. Kama haliokoleki na lazima ling'olewe, uliza papo hapo kuhusu kishikilia nafasi, kile kipete cha chuma chenye kitanzi cha waya kinachofungwa kwenye gego la jirani ili kuuzuia mlango usifunge. Na kutouma kusikupumbaze, jino la utoto linaweza kufa kimyakimya.

Kwa hiyo ushauri wa bibi, nampa heshima yake, unafaa katika hali moja tu. Jino jipya likitokeza nyuma ya la utoto na lile la utoto limegoma kutoka, kuling'oa ni sawa, na mara nyingi ulimi wenyewe hulisukuma jipya likae mahali pake. Lakini kung'oa meno ya utoto ambayo bado yameshika imara ili "kufungua nafasi" kwa kawaida hufanya kinyume chake: majirani wanahamia, fizi na mfupa vinafunga juu ya jino linalosubiri, na linachelewa zaidi. Sisi wenyewe tunang'oa baadhi ya meno ya utoto kwa mpango, baada ya vipimo na picha, pale nafasi inapokosekana kwa kiasi kikubwa. Huo ni uamuzi wa kitabibu unaofuatiliwa kwa miaka, haufanyiki mara moja ukaisha.

Nije kwenye kidevu.

Taya la juu linatakiwa liwe pana kidogo kuliko la chini, lilifunike pande zote kama kifuniko kinavyofunika sufuria. Likiwa jembamba, mtoto akifunga mdomo moja kwa moja ncha za magego ya juu zinagongana na ncha za magego ya chini. Hawezi kutafuna hivyo. Kwa hiyo ubongo wake hutafuta njia ya mkato: taya la chini linateleza upande mmoja mpaka meno yapate pa kushikana. Hafanyi makusudi wala hajui kwamba anafanya. Sisi tunaiita hali hiyo kuuma kinyume, kwa sababu upande ule linakoelekea taya utakuta magego ya juu yamekaa ndani ya yale ya chini badala ya kuyafunika. Mzazi huona kitu kimoja tu, kidevu kinachoondoka katikati dakika ya mwisho ya kufunga mdomo. Ndicho ulichokiona wewe, na umefanya vizuri sana kukitaja.

Taya linakuwaje jembamba? Meno hayajajishikilia yenyewe mahali yalipo. Yanaishi kati ya nguvu mbili, ulimi kwa ndani, midomo na mashavu kwa nje, na hutulia pale nguvu hizo zinapolingana. Ulimi wa mtoto aliyefunga mdomo hupumzika kwenye kaakaa, na kwa kukaa kwake pale ndio unaolipa taya la juu upana wake. Kidole kikiingia, ulimi unashuka chini kukipisha. Hapo hapo mashavu yanakaza kwa kunyonya, yakiyabana magego ya juu kutoka nje bila kitu cha kuyazuia ndani. Nguvu yenyewe ni ndogo. Kinacholeta madhara ni muda: kidole kinachokaa mdomoni kwa saa 6 nzima za usiku kina nafasi ya kufanya kazi ambayo kidole cha dakika 10 hakiipati. Mfupa unaolizunguka jino hujibu mgandamizo wa muda mrefu. Upande unaosukumwa, chembe maalumu za mwili humeng'enya mfupa. Upande unaoachwa wazi, chembe nyingine hujenga mpya, na jino linahama. Hiyo ndiyo njia ileile tunayoitumia sisi kuhamisha meno kwa nyaya. Kidole cha binti yako kimekuwa kikimpanga meno kwa miaka, ila kwa mwelekeo usiofaa.

(Ukikaa naye usiku, msikilize pia anavyopumua. Mtoto anayelala mdomo wazi na kukoroma kila siku naye ulimi wake umeshuka chini. Mara nyingi chanzo ni nyama za nyuma ya pua au tonsili zilizovimba. Huyo anahitaji daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu kupanua taya wakati pua imeziba ni kazi nusu. Na kama kuna nyakati pumzi inakatika kisha anashtuka na kuhema, msisubiri miadi ya meno.)

Sasa kwa nini hili halisubiri miaka 12? Kwa sababu leo tatizo ni tabia ya taya, na tabia inageuka. Taya la chini linakua kila mwaka. Likikua huku limevutwa upande uleule, misuli ya upande mmoja ikifanya kazi tofauti na ya upande wa pili, tabia hiyo inaweza kuandikwa kwenye mfupa wenyewe. Nimewahi kukaa na kijana wa miaka 17 ambaye kidevu chake kilikuwa kimeondoka katikati waziwazi. Mama yake alifungua simu akanionyesha picha yake ya siku ya kwanza ya shule, akiwa na miaka 7, anacheka. Mstari wa meno ya chini ulikuwa tayari umeachana na wa juu. Wakati ule ingekuwa kazi ya miezi kadhaa na kifaa kidogo kwenye kaakaa. Akiwa na miaka 17, tulikuwa tunazungumza habari ya upasuaji wa taya baada ya kumaliza kukua. Simwandiki kukutisha. Si kila anayeuma kinyume hufika huko. Lakini hakuna anayeweza kukutabiria nani atafika, na kurekebisha mapema ni kwepesi, ndiyo maana hatubahatishi.

Unaweza kumtazama mwenyewe nyumbani. Mkalishe wima, uso wake ukutazame, mwambie afungue mdomo wote kisha afunge polepole mpaka meno ya nyuma yagusane. Fuata kwa macho mstari kati ya meno mawili ya katikati ya chini, ukiulinganisha na katikati ya ule mwanya wa juu. Ikiwa mistari inalingana mdomo ukiwa wazi, halafu wa chini unakimbilia kushoto hatua ya mwisho, hiyo ndiyo taya kuteleza. Ikiwa imeachana hata mdomo ukiwa wazi, sababu inaweza kuwa nyingine, kama taya kukua upande mmoja zaidi au meno kuhama kwa sababu jino limekosekana, na daktari anahitaji kumwona vilevile. Kisha vuta shavu la kushoto kwa mpini wa kijiko safi, utazame kama magego ya juu yako ndani ya yale ya chini. Usichokiona kisikufanye uahirishe. Jicho la mzazi linakosa mengi, hasa nyuma kabisa.

Tiba ninayoitarajia ni kupanua taya la juu. Kaakaa la mtoto si pande moja la mfupa, ni mapande mawili yaliyokutana katikati kwenye mshono, na katika umri huu mshono bado ni laini. Ukienda miaka ya ujana unaanza kushikamana, na kwa mtu mzima mara nyingi hauachii bila msaada wa upasuaji. Kifaa kinachotumika sana kinabandikwa kwenye magego ya juu, kina skrubu katikati, na mzazi ndiye anayeizungusha kwa kifunguo kidogo kama pini nene. Kila mzunguko mmoja mdogo hufungua takriban robo ya milimita. Unamlaza mtoto, unaingiza pini kwenye tundu la mbele, unaisukuma kuelekea koo mpaka tundu jipya litokee, kisha unaichomoa kwa kuilaza nyuma ili usiirudishe skrubu. Fungia uzi kwenye kifunguo, uuzungushe kidoleni mwako, kisije kikaponyoka kikamezwa. Siku za kwanza atatoa mate mengi, maneno yenye "s" yatateleza, na atahisi kubanwa kwenye pua na mashavu kwa dakika kadhaa baada ya kila mzunguko. Ndani ya wiki moja watoto wengi wamezoea.

Kitu kimoja nikuonye mapema, kwa sababu wewe tayari unaogopa mwanya: kifaa kikifanya kazi vizuri, mwanya wa mbele utaongezeka kabla ya kupungua. Maana yake mshono umefunguka. Nyuzi za fizi huyarudisha meno karibu kadiri wiki zinavyopita. Kuzungusha skrubu huchukua wiki chache, lakini kifaa kinaachwa mdomoni miezi kadhaa baadaye, mfupa mpya ujaze pengo. Kikitolewa mapema, taya hurudi.

Zipo njia nyingine. Kuna waya wenye vitanzi, unaobandikwa vilevile kwenye magego na kusukuma polepole bila mtu kuzungusha chochote. Mimi naupenda kwa mtoto anayenyonya kidole, kwa sababu kidole kinaukuta na raha inapungua. Kuna pia sahani ya plastiki ya kuvaa na kuvua. Ni rahisi kusafisha na haitishi, ila inafanya kazi ikiwa mdomoni tu, na mtoto wa miaka 8 huisahau kwenye leso mezani. Kama unamjua mwanao kuwa si wa kukumbuka, chagua kinachobandikwa. Chochote kitakachochaguliwa, usafi ndio bei yake: mswaki wenye dawa yenye floraidi mara mbili kwa siku, na wewe ndiye unayepitia kuzunguka vyuma, si yeye peke yake.

Je, akipanuliwa sasa atakuwa ameepuka nyaya akiwa mkubwa? Huenda, huenda isiwe hivyo, na anayekuahidi kwamba hatazihitaji kabisa anakuahidi asichokijua. Tunachotibu sasa ni upana wa taya na kuteleza. Meno yatakayoota miaka 11 na 12 yanaweza kuja yakiwa yameinama, na hapo atafungwa nyaya za kawaida kwa muda wake. Katika hili daktari wa pili ana hoja nzuri, nami nataka umtendee haki. Kwa matatizo mengi, kungoja meno ya kudumu na kutibu mara moja kunatoa matokeo yaleyale bila kumchosha mtoto mara mbili. Hata meno ya juu yaliyochomoza mbele sana, mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio ya tiba hiyo yaliona kwamba kuanza mapema hakuleti meno mazuri zaidi mwishoni kuliko kungoja, isipokuwa faida moja: watoto waliotibiwa mapema walipata majeraha machache ya meno ya mbele. Kwa mtoto anayeanguka sana au anayechezewa shere kila siku mpaka hataki shule, faida hiyo na utulivu wa moyo wake vinaweza kutosha kuanza. Kwa mwingine, kinga ya mdomo anapocheza inatosha. Kosa la daktari wako wa pili, kama ulivyomnukuu, ni kuuweka mdomo mzima kwenye kapu moja la kusubiri bila kumtazama anavyofunga taya.

Chama cha Marekani cha madaktari wa kupanga meno kinashauri mtoto aonwe na daktari wa fani hiyo kabla ya kupita miaka 7. Wazazi wengi husikia hapo "aanze nyaya akiwa na miaka 7", na ushauri hausemi hivyo. Wengi wa watoto ninaowaona katika umri huo ninawarudisha nyumbani na tarehe ya kuonana tena baada ya miezi 6 au mwaka. Tunatafuta wachache ambao kungoja kutawagharimu: anayeuma kinyume kama binti yako, ambaye meno ya mbele ya juu yamekaa nyuma ya yale ya chini, jambo linaloweza kuvuta fizi ya jino la chini na kulisaga la juu, ambaye taya la juu limebaki nyuma na linaweza kuvutwa mbele akiwa bado mdogo, ambaye jino moja la mbele limeota na pacha wake hajatokeza hata baada ya miezi 6, ambaye meno ya chini yanamchoma kaakaani anapouma.

Na utakapofika miaka yake 10, kumbuka chonge. Pitisha kidole juu ya fizi ya juu, kwa nje, pande zote mbili; unatakiwa kuhisi uvimbe mgumu wa jino linalokuja. Upande usiohisi kitu, au ukiwa na uvimbe upande mmoja tu, aombewe eksirei. Chonge zinazopotea njia kuelekea kaakaani mara nyingi huweza kurudishwa kwa jambo dogo, kung'oa chonge ya utoto mapema. Mwaka 1988 watafiti wa Sweden, Ericson na Kurol, walionyesha hilo kwa watoto wa miaka 10 hadi 13: chonge 36 kati ya 46 zilirudi kwenye njia yake. Zikigunduliwa miaka 15, ni upasuaji na mnyororo wa kuzivuta.

Neno moja kuhusu mwanya, kwa sababu najua video zinakufikia. Zipo zinazoonyesha watu wakivisha mpira mdogo kwenye meno mawili ya mbele ili kuufunga nyumbani. Tafadhali usithubutu, wala usimwache dada au binamu yake amjaribie. Jino ni jembamba kuelekea kwenye mzizi, hivyo mpira hupanda chini ya fizi na kupotea machoni, huku ukiendelea kukata nyuzi zinazolishika jino. Watoto wamepoteza meno mawili mazima ya mbele kwa njia hiyo.

Kwa hiyo tafuta daktari bingwa wa kupanga meno amwone ndani ya wiki chache zijazo. Si dharura ya usiku wa leo, lakini pia si ya mwaka ujao. Gego litibiwe kwanza au sambamba, maana hatubandiki kifaa kwenye mdomo wenye tundu lililo wazi. Ukiwa pale, muulize ni tatizo gani hasa analotaka kulitibu sasa, na nini kitaharibika tukingoja mwaka mmoja. Akikujibu habari ya taya kuteleza na upana, uko mahali sahihi. Akikujibu habari ya mwanya na uzuri wa tabasamu tu, una haki ya kushukuru na kuondoka. Muulize pia atajuaje kwamba awamu hii imekwisha, na kitu gani kitalishika taya baada ya hapo.

Kabla ya yote hayo kuna kidole, kwa sababu kikibaki, tutapanua mchana na chenyewe kitabana usiku. Watoto wengi huacha wenyewe wakiwa na miaka 3 au 4, na wakiacha kabla ya meno ya kudumu kuota, mdomo hujirekebisha kwa sehemu kubwa. Wa miaka 8 anayekirudia usingizini kwa kawaida anataka kuacha na anaona haya. Usimpake pilipili wala kumtaja mbele ya wageni au ndugu zake. Aibu humrudisha kwenye kidole, maana ndicho kinachomtuliza. Kaeni wawili, muonyeshe kwenye kioo kidevu kinavyokwenda, mweleze kazi ya ulimi kama nilivyokueleza wewe, kisha muulize yeye anataka akumbushwe vipi usiku. Wengine huchagua plasta kwenye gumba, wengine soksi mkononi, wengine kitambaa kilichofungwa kwenye kiwiko kisichobana, ila kinachomwamsha mkono ukikunjika. Akichagua mwenyewe hukivaa. Chora kalenda ya wiki 6, kila asubuhi baada ya usiku bila kidole apige alama yeye, na usiku atakaoteleza muuache wazi bila maneno. Unapomchungulia ukakikuta mdomoni, kitoe taratibu, mfunge mdomo kwa kidole chako, umfunike shuka.